Siwa Barafu Mikindani: shajara ya mradi wetu, Mei hadi Septemba 2025

Jumamosi, 3 Mei

Leo tumeanza. Tupo watoto 14, mimi mwalimu wao wa Jumamosi, na friza ambayo jirani yangu muuza samaki amekubali tuitumie siku ambazo hana mzigo. Kazi yenyewe ni kuandaa maonyesho ya siwa barafu, yale mapande makubwa ya barafu yanayomeguka kutoka nchi za baridi kali na kuelea baharini, kisha tuyapeleke Feri, Mtwara mjini, wayaone watu ambao bahari ndiyo shamba lao.

Chanzo ni swali. Mwezi Machi tulisoma habari za siwa barafu moja, wataalamu wanaliita A23a, lililokuwa limekwama karibu na kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, likishayeyuka, linamfaa nani?" Mimi nilikuwa nimejiandaa kusimulia hatari. Nilitaka kuanza na meli ya Titanic iliyogonga siwa barafu, usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, na watu zaidi ya 1,500 waliopotea. Yeye hakuuliza linamdhuru nani. Nikamwomba anipe muda.

Jumamosi, 10 Mei

Nahodha mstaafu wa hapa mtaani, ambaye nusu ya watoto hawa wanamwita mjomba na wengine babu, alipita akatukuta tunasugua pipa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba wanangu. Pipa la nini?"

Wakamwambia la siwa barafu. Akasimama. Siwa anayoijua yeye ni baragumu, ile pembe kubwa waliyokuwa wakiipuliza kwenye shughuli za wakubwa. Sasa barafu inapulizwaje? Kisha akakumbuka mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba wazee walisema siwa kwa kisiwa kikubwa, na kisiwa ni udogo wake. Nimefurahi jibu limetoka kwake. Watoto hawatalisahau jina hilo tena, nami nimeacha kabisa kusema "mlima wa barafu", kwa sababu mlima hauhami na hili linasafiri.

Tumeandika ukubwa ukutani kwa chaki. Unguja ina kilomita za mraba zipatazo 1,660. A23a Januari mwaka huu lilikuwa na takriban 3,500, yaani Unguja mbili na bado linabaki. B15, lililomeguka Machi 2000 kutoka mwamba wa barafu wa Ross, yaani barafu iliyotanda juu ya bahari pembezoni mwa Antaktika, bara la ncha ya kusini, lilikuwa na karibu 11,000, na urefu wake kilomita 295, kama nusu ya barabara ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Hakuna kubwa kuliko hilo lililowahi kupimwa kwa setilaiti.

Linazaliwaje? Theluji ya Antaktika huanguka juu ya theluji ya zamani, miaka maelfu, mpaka uzito unaikandamiza ikawa barafu ngumu. Barafu hiyo haitulii. Hutiririka polepole kuelekea pwani kama ugali mwepesi uliomwagwa kwenye sinia, ikifika baharini inatanda juu ya maji, na ukingo wake unapopasuka, siwa barafu limepatikana. Maji yake ni matamu, si ya chumvi. A23a lilimeguka mwaka 1986 kutoka mwamba wa Filchner, likiwa na kituo cha utafiti cha Wasovieti juu yake, likakwama kwenye sakafu ya Bahari ya Weddell kwa zaidi ya miaka 30. Lilipojinasua lilielea kaskazini, na mwaka 2024 likanaswa na mkondo likawa linazunguka papo hapo kwa miezi. Mjomba alipenda sana hiyo habari ya kuzunguka. Anaijua mikondo ya namna hiyo, kwa udogo wake, kwenye mlango wa ghuba.

Jumamosi, 17 Mei

Umeme ulikatika Alhamisi usiku kucha, na bonge letu la kwanza likatoka likiwa ganda nje na maji katikati. Tukalirudisha. La pili limetoka leo, gumu, jeupe kiunoni. Tulilitengeneza ndani ya dumu la lita 20 tulilolikata juu: kimo sentimita 33, upana 22.

Pipa tulilijaza maji ya bahari, ndoo kwa ndoo, kutoka ufukweni. Nilitaka bonge lisimame wima, watoto wapime kwa rula kilicho juu na kilicho chini. Tulilishusha taratibu, wawili huku na wawili kule, tukaliachia. Likasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, likainama, likapinduka kwa kishindo na maji yakafika kwenye mkeka tuliokalia. Tulijaribu mara nne. Kila mara lilikwenda kulala ubavu.

Niliudhika, kwa kuwa nilikuwa nimeshachora picha ya bonge lililosimama. Lakini bonge ndilo lililokuwa sahihi. Siwa barafu refu na jembamba halikai wima, na hata lile lililotulia, maji yakilila upande mmoja chini, hupinduka bila kuaga na kuinua mawimbi makubwa. Ndiyo maana mabaharia wa huko hukaa nalo mbali hata siku ambayo bahari imelala.

Likiwa limelala ubavu, kimo chake ndani ya pipa kilikuwa sentimita 22, na kilichotokeza juu ya maji hakikufika 2 na nusu. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917, ya maji ya bahari ina kama 1,025. Hesabu hiyo inatoa sehemu tisa kati ya kumi chini ya maji, na bonge la kwenye dumu linaitii sawasawa na A23a. Mjomba akasema hilo ni jahazi lililozidishiwa shehena.

Jumamosi, 31 Mei

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingojea. Wiki nzima tumegandisha mabonge matatu yenye udongo. Mmoja wa watoto ana shangazi Newala, akatuletea mfuko wa ule udongo mwekundu wa juu ya nyanda za Makonde. Wekundu wake ni kutu, ni chuma. Tuliusaga, tukaumwaga ndani ya maji tabaka kwa tabaka huku yakiganda, pamoja na kokoto chache.

Sababu ni hii. Barafu ya nchi kavu inapotambaa juu ya mwamba huusaga ukawa unga, na unga ule husafiri ndani ya barafu mpaka baharini. Sasa bahari inayoizunguka Antaktika ina mbolea tele, naitreti na fosfeti, lakini vijimea vinavyoelea ndani yake havistawi inavyotarajiwa, kwa maeneo makubwa sana. Kilichopungua ni chuma. Mwanasayansi Mmarekani John Martin aliitetea hoja hiyo kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980, na majaribio ya baharini yaliyofuata yakaithibitisha. Ukikitia chuma mahali pale, maji hugeuka kijani.

Siwa barafu hukipeleka bure. Watafiti waliofuatilia masiwa barafu makubwa 17 kwa picha za setilaiti za kati ya 2003 na 2013 waliona kwamba nyuma ya kila moja kuna utepe wa maji yaliyostawi wenye urefu wa mamia ya kilomita, na utepe huo hudumu zaidi ya mwezi baada ya siwa kupita. Vijimea hivyo hufyonza kaboni kutoka hewani, na vikifa, sehemu yake huzama nayo kilindini. Walikadiria kwamba hadi sehemu moja ya tano ya kaboni inayozama katika bahari ile inatokana na mbolea ya masiwa barafu makubwa.

Hayo niliyasoma. Leo nimeyaona kwa kimo cha pipa. Tulishusha bonge saa nne asubuhi, kivulini, tukakaa kimya. Dakika chache za mwanzo hakuna kitu. Kisha chini ya tumbo la bonge ukatoka uzi mwekundu, mwembamba kama ukindu uliochanwa ukatiwa rangi, ukashuka ukiwa umenyooka, ukafika katikati ya pipa ukaanza kujikunja na kutawanyika. Ukafuata wa pili. Baada ya nusu saa kulikuwa na nyuzi labda 20, na maji ya juu yamekuwa na rangi ya chai ya rangi. Mara kokoto moja ikajinasua ikagonga chini ya pipa, ko, na watoto wote wakaruka.

Hiyo kokoto nayo ina habari yake. Katikati ya bahari, mbali na mto wowote, wanasayansi huchimbua tope la sakafuni wakakuta mawe ya nchi kavu. Hakuna mkondo wa kubeba jiwe umbali huo. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alionyesha kwamba Atlantiki ya Kaskazini ina tabaka nzima nzima za mawe hayo, alama ya nyakati za kale ambapo majeshi ya masiwa barafu yalivuka na kuyeyuka njiani.

Binti aliyeuliza swali la Machi alikuwa na daftari. Chini ya "linamfaa nani" ameandika: *vijimea*. Ameacha mstari mtupu chini yake.

Jumamosi, 14 Juni

Shule zimefunga, wamekuja 19.

Tumeujaza mstari mtupu: *krili*. Niliwaambia wafikirie uduvi, si wa ukoo mmoja hasa lakini kwa kuwatazama utadhani ndugu, wenye urefu wa hadi sentimita 6, na makundi yao huweza kutanda kwa kilomita nyingi. Krili hula vijimea. Samaki, pengwini, sili na ndege wa baharini hula krili. Pembeni mwa siwa barafu linaloyeyuka, ndege na krili huwa wengi kuliko bahari ya mbali nalo.

Sikutaka watoto waondoke wakidhani siwa barafu ni sadaka tupu. Lile B15, likiwa na wenzake, lilikingama katika Bahari ya Ross, barafu ya baharini ikashindwa kutawanyika, mwanga haukufika majini na vijimea vikapungua sana msimu ule. Pengwini wakalazimika kutembea mbali zaidi kutafuta chakula. Tena siwa lenye tumbo la kina hulima sakafu ya bahari kama plau na kufuta kila kiumbe kilichojishikiza pale. Miaka inayofuata viumbe vingine huja kupanga kwenye mtaro mtupu, wengine wepesi, wengine wa kuchelewa, hivyo sakafu inabaki na viraka vya umri tofauti na wakazi tofauti. Kumbe uharibifu wa kiraka kimoja huongeza aina za wakazi ukiitazama sakafu nzima. Lakini kwa kombe aliyekuwa chini ya plau hakuna faraja.

Na maji matamu yenyewe. A68 lilimeguka Julai 2017 likiwa na kilomita za mraba 5,800. Kipande chake kikubwa kilipofika South Georgia kilimwaga tani bilioni 152 za maji matamu kwa miezi mitatu. Maji hayo ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu, na hubadili joto la maji, mikondo na nani anaweza kuishi pale.

Habari za A23a: limeacha kukwama, linasogea, na kingo zinamomonyoka.

Jumamosi, 28 Juni

Makasha mawili ya plastiki ya samaki, yamelingana, sentimita 50 kwa 40. Kila moja maji ya bahari hadi alama ile ile. Kwenye la kwanza tukaweka bonge la kilo 10 lielee, na kuweka alama mpya ya maji baada ya bonge kutulia. Kwenye la pili tukaweka bonge la uzito huo huo juu ya kichanja cha mawe, nje ya maji, likichuruzikia ndani. Tukaenda kula.

Jioni kasha la pili lilikuwa limepanda sentimita 5. La kwanza lilipanda kama milimita moja, nayo mtoto mmoja aliing'ang'ania: "Mwalimu, si ulisema halitapanda?" Nilisema, na nilikosea kidogo. Barafu inayoelea imeshajitafutia nafasi yake ndani ya maji, kwa hiyo ikiyeyuka haina kikubwa cha kuongeza. Lakini maji yake matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko ile, ndiyo hiyo milimita. Nimemwandikia jina lake juu ya kasha.

Kasha la pili ndilo la kuogopa. Miamba ya barafu inayoelea pembezoni mwa Antaktika huizuia ile ya nchi kavu kama kigingi kinavyozuia mlango. Masiwa kumeguka ni jambo la kawaida, limekuwepo siku zote. Yakimeguka haraka kuliko theluji inavyojaza, kigingi kinalegea na barafu ya nchi kavu inashuka kwa kasi. Tulitoka nje tukatazama maji ya ghuba. Siku za bamvua hapa Mikindani sentimita 5 si kitu cha kupuuza, na kila mtoto aliweza kuonyesha kwa kidole nyumba ambayo ingekuwa ya kwanza.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda Kilwa kwa msiba wa upande wa mama. Nimerudi na bonge la udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, lililofungwa kwenye gazeti, na abiria wenzangu kwenye basi wameniuliza mara tatu kama ni dawa.

Nimeubeba kwa sababu hii. Antaktika haikuwa na barafu kubwa siku zote. Enzi za mijusi wakubwa wa Tendaguru, hapa jirani mkoani Lindi, ambao mifupa yao Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 na mingi ipo Berlin mpaka leo, bara lile halikuwa limefunikwa na barafu. Barafu kuu ilianza kutanda yapata miaka milioni 34 iliyopita. Na moja ya mahali ambapo ushahidi wa tukio hilo umehifadhiwa vizuri kupita kiasi ni udongo wa mfinyanzi wa kijiji cha Stakishari, mkoa wa Lindi. Watafiti wakiongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichoronga pale na kutoa magogo marefu ya udongo uliokuwa sakafu ya bahari. Ndani yake mna foraminifera, viumbe vya baharini vidogo kama punje ya mchanga, magamba yao yangali maangavu kama kioo kwa kuwa mfinyanzi haukuruhusu maji kupita na kuyaharibu.

Gamba hujengwa kwa kile kilichomo majini siku hiyo. Barafu inapotanda nchi kavu hubeba zaidi oksijeni ya aina nyepesi, bahari hubaki na ya aina nzito, na gamba huiandika. Boroni, elementi nyingine iliyomo, huonyesha uchachu wa maji, na kutokana nao kiasi cha kaboni dioksidi hewani. Matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha kwamba kaboni dioksidi ilikuwa imepungua wakati barafu ile ilipozaliwa.

Bonge langu si la Stakishari, ni la jamaa yake wa karibu, na hadubini hatuna. Watoto waliligusa tu, wakalisugua kati ya vidole mpaka likawa laini kama siagi. Hata hivyo nilipowaambia kwamba siku ya kuzaliwa barafu ya Antaktika imeandikwa kwenye udongo wa Lindi, walinyamaza kwa namna ambayo sijaizoea Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti

Maonyesho, Feri. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, boti za usiku zikiwa zinashusha. Mapipa mawili, makasha mawili, ramani ya kitambaa waliyoshona wasichana, na mabonge sita, mawili ya akiba.

Watu walisimama wengi kuliko nilivyothubutu kutarajia. Wabebaji, mama wa kukaanga, wavuvi wenyewe wakiwa bado wameloa. Barafu wanaijua, ndiyo maisha yao. Hawajawahi kuiona ikitoa nyuzi nyekundu. Binti wa darasa la sita alieleza mfuatano wake: chuma, vijimea, krili, ndege na samaki wa kule. Akafika mwisho wa daftari lake.

Mvuvi mmoja wa Msimbati akauliza, "Na nyangumi je?"

Akaendelea bila kungoja. Wanakuja na kusi, alisema, kuanzia Julai, wanaonekana mpaka Oktoba, wengine na watoto, wanaruka huko nje ya Ghuba ya Mnazi. Miaka yote anawaona. "Lakini binti yangu, sijawahi kumwona hata mmoja akila hapa kwetu. Wanakula wapi?"

Nilikuwa nalijua hilo, nimelisoma, na sikuwahi kuliunganisha. Nyangumi wa nundu wanaokuja pwani yetu hula kiangazi cha kusini, katika bahari baridi iliyo kusini mwa Afrika na Bahari ya Hindi, na chakula chao kikubwa ni krili. Wakishanona wanasafiri zaidi ya kilomita 5,000 kuja maji ya moto kuzaa na kupandana, na muda wote huo huishi karibu kabisa kwa mafuta waliyoyaweka mwilini. Maziwa anayonyonya mtoto wa nyangumi mbele ya Msimbati yametokana na krili wa kule. Sisemi mama yake alikula pale A23a lilipo, hapo ni mbali na malisho ya hawa. Ila masiwa barafu huizunguka Antaktika yote, na chuma kinachoyalisha maji ya upande wa wengine hulisha pia ya upande wao.

Binti alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika *nyangumi*, akafikiri, akaongeza: *na sisi tunaowaona*.

Jumamosi, 13 Septemba

A23a limebaki chini ya nusu ya ukubwa wake. Mapande makubwa yamejitenga, na maji ya huko yana joto kuliko linavyoweza kustahimili. Tumepunguza duara lake kwenye ramani ya kitambaa, tukashona vidoadoa vyeupe kando.

Mjomba alipiga simu saa tatu. Mvuvi wa Msimbati amemtumia ujumbe: mama na mtoto, nje kidogo ya mwamba, wametulia. Boti ilikuwa na nafasi ya watu wanane, tukapiga kura, wazazi wakakubali. Kusi lilikuwa limepoa. Tulizima injini mbali, kama mvuvi alivyoagiza, tukaelea.

Mama alipumua kwanza, pumzi nzito, na mvuke ukasimama hewani kabla upepo haujauchukua. Mtoto akapumua baada yake, pumzi fupi. Mgongo wake ulikuwa bado na rangi ya kijivu iliyopauka na mikunjo ubavuni. Wakazama. Juu ya maji pakabaki duara laini lisilo na kiwimbi, pana kama uwanja wa nyumba, na hakuna mtoto aliyesema neno mpaka lilipofutika.

Jumamosi ijayo tunapeleka maonyesho Lindi mjini. Mabonge manne yapo friza, udongo wa Newala umebaki nusu mfuko.